Bwawa la uani Kihonda: shajara ya maji

17 Juni 2023. Zege limekauka

Bwawa liko nyuma ya nyumba, Kihonda, Morogoro, kati ya ukuta wa jirani na mwembe ambao nimekatazwa kabisa kuukata. Ndani lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2.5, na maji yatasimama kwenye sentimita 90. Zidisha upate mita 9 za ujazo, yaani lita 9,000. Anayetaka kuiga kazi hii aanze kwa kujua namba yake kama hiyo, maana chumvi, samaki na ukubwa wa pampu vyote vinahesabiwa kutoka hapo.

Ujenzi wenyewe hauna hadithi. Tofali za inchi 6, mifuko 14 ya saruji, mchanga na kokoto, wavu wa chuma sakafuni, fundi, vibarua wa kuchimba, bomba la inchi 2 la kutolea maji pamoja na koki yake: jumla sh 1,014,000. Kilicholeta ubishi ni sakafu. Fundi alitaka iwe tambarare kama ya sebule. Nikang'ang'ania mteremko wa sentimita 8 kuelekea kwenye bomba la kutolea, ili uchafu ujikusanye mahali pamoja. Alinuna, akaumwaga mteremko.

Lengo ni sato wa kula nyumbani, na mahali pa kukaa jioni ambapo hapanuki. Hilo la pili ndilo mwenye nyumba mwenzangu alilolitia mkazo.

1 Julai. Saruji haijawa tayari kwa samaki

Nilidhani bwawa likishakauka linajazwa. Karatasi ya kupimia pH, yaani maji yameelemea asidi au chokaa (sh 8,000 kwenye duka la vifaa vya maabara, kipimo cha 1 hadi 14, chini ni asidi, juu ni chokaa, 7 ni katikati), ikanikatalia: maji yaliyolala ndani siku nne yalisoma 11. Saruji mpya inatoa chokaa, na chokaa hiyo inaendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Samaki wa kawaida anahitaji pH kati ya 6.5 na 9. Kwenye 11 anaungua mashavu na anakufa.

Dawa ni uvumilivu na bili ya maji. Jaza, acha siku nne, mwaga, sugua kuta kwa brashi ngumu, jaza tena. Nilipoona inashuka polepole nikapaka siki nyeupe kwenye kuta zikiwa tupu, nikaiacha saa moja, nikasuuza. Siki ni asidi, inaiua chokaa iliyo juu ya plasta. Lita 5 zilitosha, sh 10,000.

Fundi alikuwa na tiba yake: "Mzee, tupia migomba, saruji inatulia yenyewe." Nikakata shina la mgomba vipande, nikaloweka kwenye maji ya awamu moja. Ni kweli pH ilishuka. Mgomba ukioza unatoa asidi na hewa ya ukaa, na vyote viwili vinapambana na chokaa. Ila maji yaligeuka rangi ya chai, yakanuka mpaka jirani akauliza kama choo kimejaa, na ute wake ulishikamana na kuta kiasi cha kutaka kusuguliwa upya. Kama siki inapatikana, ruka migomba.

Leo pH inasoma 8.4 na imekaa hapo wiki nzima bila kupanda. Hiyo ndiyo ishara ya kutafuta. Kushuka kwa siku moja hakutoshi, maana unapojaza maji mapya yanasoma vizuri siku ya kwanza kisha chokaa inayapandisha tena. Maji yote ya kuloweka yamekula kama sh 45,000. Usiyamwage kwenye bustani ya mchicha.

15 Julai. Chujio la mapipa

Wazo la chujio ni rahisi: pampu inavuta maji kutoka bwawani, yanapita kwenye pipa lenye vitu vingi vyenye uso mkubwa, yanarudi bwawani kwa kuanguka. Kwenye vile vitu ndipo bakteria wanapofanya makazi, na hao ndio wasafishaji wa kweli.

Toleo la kwanza lilikuwa pipa moja la lita 200 lililojaa kokoto hadi juu, maji yakiingia kwa chini na kutokea juu. Nililijaribu kwa kumwaga tope kidogo bwawani na kuona kinachotokea. Katikati ya kokoto pakaziba, maji yakapata njia yake pembeni mwa pipa, kokoto nyingi zikawa hazifanyi kazi yoyote. Kutoa kokoto za pipa zima ili kuzisafisha ni kazi ya kuumiza mgongo.

Toleo la pili, ambalo ndilo linafanya kazi: mapipa mawili. La kwanza ni tupu. Maji yanaingia kwa ubavu, yanazunguka, takataka nzito zinatua chini na kutolewa kwa koki. La pili ndilo lenye makazi ya bakteria, na humo nimeondoa kokoto zote isipokuwa tabaka la juu. Badala yake nimeweka vizibo vya plastiki vya chupa za soda na maji, ambavyo kijana wangu alivikusanya kwenye kumbi za harusi kwa kujitolea (kujitolea kwa malipo), pamoja na bomba za nyaya za umeme zilizokatwa vipande vya sentimita mbili. Ni vyepesi, havizibi, na vinasuuzika. Juu kabisa kwenye kokoto nimepanda magimbi. Magimbi hayaogopi mizizi kukaa majini, na yanakula kile ambacho bakteria wanakimalizia.

Onyo moja kubwa kabla sijasahau. Kuna aliyenishauri nifunge vizibo kwenye chandarua cha zamani ili visitawanyike. Vyandarua vingi tunavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu ya kundi la pairethroidi, na dawa hizo ni sumu kali mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Nimetumia mfuko wa nyavu wa vitunguu.

Pampu ni ya kuzama, wati 60, sh 85,000. Boksi linasema lita 4,500 kwa saa. Hiyo ni pale ambapo haipandishi maji popote. Ikipandisha mita moja na nusu hadi kwenye pipa, ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 25, sawa na lita 2,880 kwa saa. Maji yote ya bwawa yanapita kwenye chujio kila baada ya saa tatu hivi, na hilo linatosha. Pima kwa ndoo, boksi liache dukani.

Umeme: wati 60 kwa saa 24 ni uniti 1.44 kwa siku, kama uniti 43 kwa mwezi. Kwa bei ya uniti inayozidi kidogo sh 350, ni kama sh 15,000 kila mwezi. Walio kwenye tarifa ya matumizi madogo, ile isiyotakiwa kuvuka uniti 75, wapige hesabu kabla ya kununua pampu kubwa.

Mapipa mawili sh 90,000, mabomba na viungo sh 28,000.

29 Julai. Samaki wameingia

Maji ya bomba yana klorini. Niliyaacha wazi juani siku mbili huku pampu ikiyarusha, klorini ikapotea hewani. Vifaranga 80 wa sato, sh 250 kila mmoja, ukubwa wa kidole. Mfuko wao ukaelea bwawani nusu saa ili joto lilingane, kisha nikawa naingiza maji ya bwawa ndani ya mfuko kidogo kidogo mpaka wakatoka wenyewe. Maji yanaonekana hadi sakafuni. Watoto wa mtaa mzima wamekuja kuangalia.

12 Agosti. Maji maangavu, samaki wagonjwa

Wiki ya pili samaki waliacha kula. Walikusanyika pale maji yanapoangukia, mapezi yamebanwa mwilini, na asubuhi nikawa naokota mmoja au wawili waliokufa. Maji bado yalikuwa meupe, unaona mpaka kokoto iliyoanguka sakafuni. Kila mgeni alisema bwawa zuri.

Vijiti vya kupimia (sh 40,000, vina amonia, naitraiti na naitreti) vilisema amonia ni miligramu 2 kwa lita. Samaki anaitoa amonia muda wote, sehemu kubwa kwa kupitia mashavu, na chakula kilichooza chini kinaongeza nyingine. Bakteria wa kundi la kwanza wanaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia na magimbi yanaipenda. Lakini bakteria hawa hawaji na bomba la maji. Wanaota wenyewe, polepole, na bwawa jipya linahitaji wiki nne hadi sita ili watoshe. Nilikuwa na chujio zuri lisilo na wafanyakazi.

Tatizo la pili ni pH. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na pH ndiyo inayoamua zigawanyike vipi. Kwenye maji ya nyuzijoto 28, pH ikiwa 7, iliyo kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 6.5. Kwenye pH 9 ni kama asilimia 41. Bwawa langu la saruji changa, lenye 8.4, lilikuwa linaifanya amonia ileile iwe na meno.

Chanzo kikubwa kilikuwa mkono wa kulisha. Vifaranga 80 wa gramu 5 ni gramu 400 za samaki. Wakila asilimia 5 ya uzito wao, wanahitaji gramu 20 kwa siku. Nikaweka kwenye mizani kile kiganja cha pumba na dagaa waliosagwa tulichokuwa tunatupia asubuhi, mchana na jioni: kwa siku kilikuwa kinapita gramu 150. Kilichozidi kilitua sakafuni kikaoza.

Kilichofanyika: chakula kilisimama kabisa kwa siku tatu. Nikatoa theluthi ya maji kwa bomba la chini (hapo mteremko wa sakafu ulijilipa, tope lote lilitoka la kwanza) na kujaza maji yaliyolala kwenye tenki bila klorini. Halafu nikaenda kwa mfugaji mwenye bwawa la miaka mingi, akanipa nusu ndoo ya kokoto zenye ute kutoka kwenye mfereji wake, nikazipanga juu ya vizibo vyangu. Ule ute ndio bakteria wenyewe. Chukua tu kwa mtu ambaye samaki wake hawana vidonda wala madoa, la sivyo utabeba na ugonjwa.

26 Agosti. Amonia imeshuka, naitraiti imepanda

Hili nililitegemea na bado lilinisumbua. Amonia imefika robo miligramu, lakini naitraiti imeruka hadi 3. Naitraiti inaingia kwenye damu ya samaki na kuizuia kubeba oksijeni. Ukifungua shavu la aliyekufa unakuta rangi ya kahawia badala ya nyekundu.

Dawa yake ipo dukani kwa mangi: chumvi. Kloridi iliyo kwenye chumvi inashindana na naitraiti kwenye mlango wa mashavu, na kloridi inashinda. Nimeweka kilo 1 kwa kila lita 1,000, yaani kilo 9, sh 5,400, ikiyeyushwa kwenye ndoo kwanza na kumwagwa kwa awamu kuanzia asubuhi hadi jioni. Kesho yake samaki walisambaa bwawani, wakaanza kufukuzana. Majani ya magimbi yaliungua ncha kidogo, basi.

Chumvi haipotei kwa jua. Inatoka pale tu unapotoa maji. Kwa hiyo usiongeze nyingine wiki ijayo kwa mazoea.

Wamebaki 61. Kwa eneo la mita 10 za mraba na chujio hili, hata bila vifo nadhani hao ndio walikuwa wanafaa tangu mwanzo.

23 Septemba. Kijani, na mbu

Joto limeanza. Naitraiti imefika sifuri mwanzoni mwa mwezi na haijarudi. Badala yake maji yamekuwa kijani kama mlenda.

Hapa ushauri ulikuja kwa wingi. Muuza dawa za mifugo alinipimia mrututu. Nikaukataa: shaba iliyo kwenye mrututu inaua mwani, ila kipimo kikizidi kidogo, hasa kwenye maji yasiyo na chokaa nyingi, inaua na samaki. Na mwani uliokufa wote kwa mpigo unaoza na kumaliza oksijeni. Mwingine akaniletea gugu maji kwenye beseni, maua ya zambarau, mazuri kwa kweli. Linasafisha maji, sibishi. Lakini sisi maji yetu ya mvua yanateremka kuelekea Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiko Dar es Salaam inakokunywa. Tumeona Ziwa Victoria lilivyofanywa na gugu hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Nimelianika juani likakauka kabisa, nikaliweka kwenye mboji.

Swali la kujiuliza ni kijani kiasi gani. Mwani kidogo ni chakula cha sato na mchana unatoa oksijeni. Kipimo ni mfuniko wa ndoo uliopakwa rangi robo nyeusi, robo nyeupe, ukafungwa kwenye kamba yenye mafundo. Ushushe majini mpaka upotee machoni. Ukipotea kwenye sentimita 30 hivi, maji ni mazuri. Wangu ulipotea kwenye 12.

Mwani unataka jua na mbolea. Jua nimelipunguza kwa neti ya kivuli juu ya nusu ya bwawa (sh 30,000), ambayo pia inakamata majani ya mwembe. Mbolea nimeipunguza kwa kuongeza magimbi na kwa kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Yale ya kijani yanakwenda kwenye migomba, na migomba imeyapokea vizuri. Sasa mfuniko unapotea kwenye sentimita 28. Sitaki zaidi ya hapo. Mwenye nyumba mwenzangu angependa aone sakafu, tumekubaliana kutokubaliana.

Mbu walikuwa fumbo. Bwawani hakuna kiluwiluwi hata mmoja, sato wanawala wote, lakini jioni nyumba ilijaa. Walikuwa wanazaliana kwenye pipa la kwanza la chujio, ambako hakuna samaki na maji yanazunguka taratibu. Nimelifunika kwa wavu mwembamba wa madirisha, ule usio na dawa, na kutumbukiza vifaranga watatu wadogo humo. Pipa la pili nimeshusha kiwango cha maji kikae chini ya kokoto za juu. Kwisha.

Jambo jingine la chujio: wiki moja nilisuuza vizibo kwa mpira wa bomba, vikang'aa, na siku tatu baadaye amonia ikaonekana tena kwenye kijiti. Klorini ya bomba ilikuwa imewaua wafanyakazi. Suuza kwenye beseni la maji ya bwawa lenyewe, nusu ya vizibo leo, nusu nyingine baada ya wiki mbili, na usitafute weupe.

28 Oktoba. Saa kumi na moja alfajiri

Mgawo wa umeme umeanza. Usiku mmoja ulikatika saa tano, na alfajiri jirani akanigongea: "Jirani, samaki wako wanatoa midomo nje." Wote walikuwa juu, midomo ikifunguka na kufunga, hawakimbii hata ukiweka mkono.

Usiku mwani hautoi oksijeni, unaitumia, sawa na samaki na bakteria. Kwa hiyo oksijeni inafika chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Tena maji ya moto yanabeba kidogo: ya nyuzijoto 20 yanaweza kushika kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzijoto 30 kama 7.5. Ongeza siku iliyopita kuwa na mawingu, pampu imezimika, samaki wamekua. Kwa dharura tulichota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, watu watatu kwa zamu, mpaka jua likatoka. Wanne walikufa.

Kosa la pili lingekuja umeme uliporudi. Pipa la chujio lisilopitisha maji kwa saa nyingi linaishiwa oksijeni, bakteria wazuri wanaanza kufa, na maji yaliyomo yananuka kama mayai viza. Pampu ikiwaka, uvundo wote unasukumwa bwawani kwa samaki ambao tayari wanahema. Sasa swichi ya pampu haikai imewashwa wakati wa katizo. Umeme ukirudi, kwanza tunafungua koki ya pipa maji yamwagike nje, ndipo tunawasha.

Suluhisho la kudumu: pampu ndogo ya hewa ya volti 12, mawe mawili ya mapovu, na betri ya kuchaji, vyote sh 95,000. Mapovu hayo yanabeba bwawa usiku mzima. Jiwe moja liko bwawani, la pili liko ndani ya pipa la vizibo. Nililiweka hilo la pili kwa kubahatisha, sasa naliona ndilo la maana zaidi, kwa sababu chujio linabaki hai. Siku za mgawo chakula cha jioni hakuna, na cha asubuhi kinasubiri saa tatu, jua likishapiga maji.

Tangu hapo napima kwa saa mbili tofauti. Alfajiri natazama samaki wako wapi, maana hapo oksijeni iko chini. Saa tisa alasiri napima pH, maana mwani ukishakula hewa ya ukaa mchana kutwa pH inapanda, na amonia kidogo isiyo na madhara asubuhi inaweza kuwa kali alasiri. Septemba, maji yalipokuwa kijani kile cha mlenda, pH ilikuwa 7.8 asubuhi na 9 alasiri, siku hiyohiyo. Anayepima saa nne asubuhi peke yake, kama nilivyoelekezwa mwanzoni, anapishana na hatari zote mbili.

25 Novemba. Mvua

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza vuli yenye mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño, na haikutania. Mvua ya kwanza kubwa ilileta maji mekundu ya uani moja kwa moja bwawani, yamebeba udongo, mavi ya kuku na mafuta ya pikipiki. Ukingo wa bwawa ulikuwa sawa na ardhi, kwa sababu ulipendeza hivyo.

Tumeinua ukingo kwa tofali kozi moja kuzunguka pande zote, na kuweka bomba la kufurikia lenye wavu mdomoni ili samaki wasitoroke nalo. Sh 38,000. Tope lililoingia lilichukua siku tano kutua, na lilitolewa kwa koki ya chini. Pipa la kwanza la chujio nililimwaga kila asubuhi.

Lililonishangaza lilikuwa pH. Bwawa lililoanza na 11 sasa lilisoma 6.4, na amonia ikarudi bila samaki hata mmoja kuongezwa. Maelezo yake ni haya: bakteria wanapogeuza amonia wanakula chokaa iliyoyeyuka majini, kila siku kidogo. Maji ya bomba ya kila wiki yalikuwa yanairudishia. Mvua haina chokaa kabisa, na wiki tatu mvua ndiyo iliyokuwa inajaza bwawa. Kuta nazo zimeshavaa ute, hazitoi tena kama mwanzo. pH ikishuka hivyo bakteria wanalegea, amonia inabaki.

Hapa usikimbilie kumwaga chokaa. Kwenye 6.4 amonia karibu yote ni ile pole. Ukiipandisha pH ghafla hadi 8 unaigeuza kuwa kali ndani ya dakika chache, na utaua kwa tiba. Kwanza nilibadilisha robo ya maji kwa ya bomba yaliyolala, kesho yake robo nyingine, amonia ikashuka. Ndipo nikaweka kilo 5 za makombe ya baharini yaliyosagwa, yale ya kuchanganyia chakula cha kuku, sh 5,000, ndani ya mfuko wa vitunguu kwenye pipa la pili. Yanayeyuka polepole kadiri maji yanavyokuwa na asidi, na yanaacha yenyewe yakitulia. Sasa pH iko 7.3 asubuhi, 7.9 alasiri.

13 Januari 2024. Hali na hesabu

Sato 57, wakubwa wanajaza kiganja. Amonia na naitraiti hazionekani kwenye kijiti tangu wiki ya kwanza ya Desemba. Mfuniko unapotea kwenye sentimita 30, pengine 35 mvua ikinyesha. Hakuna harufu, na viti vimeshahamia huko.

Toa ujenzi, maji yamenigharimu hivi: pampu 85,000, mapipa 90,000, mabomba 28,000, vipimo vyote 48,000, neti 30,000, hewa na betri 95,000, tofali za ukingo 38,000, maji ya kuloweka saruji 45,000, vifaranga 20,000, siki 10,000, chumvi 5,400, makombe 5,000. Jumla sh 499,400, karibu nusu ya gharama ya kujenga, na umeme wa kila mwezi uko juu yake. Fundi hakuitaja hata senti moja ya hizo alipokuwa ananipigia hesabu, na sikumuuliza.

Kazi ya wiki sasa ni ndogo: koki ya pipa la kwanza kila asubuhi, dakika moja; asilimia 10 ya maji kila Jumamosi; vijiti kila baada ya wiki mbili, au mara moja samaki wakibadili tabia. Mizani ya jikoni imehamia rasmi kwenye chakula cha samaki, gramu zinaandikwa ukutani kwa chaki, na mgeni haruhusiwi kulisha.

Kinachofuata ni kupunguza samaki wakubwa kabla ya masika, kwa sababu uzito wao ndio unaokua na chujio halikui nao. Pia nataka kubadilisha mahali maji yanapoangukia. Sasa yanaanguka upande uleule wa pampu, kwa hiyo kona ya chini ya mwembe haipati mzunguko na ndiko tope linakojificha. Bomba la mita nne zaidi litapeleka maji upande wa pili. Nitaandika tena likishafungwa na vijiti vikishasoma.